Kudhulumiwa Si Sehemu ya Kazi: Haki za Mfanyakazi na Mahali pa Kuzidai

Katika Wadi ya Marungu, kazi ya mshahara haipatikani ovyo. Kuna ranchi na miradi ya uhifadhi, kuna kambi na hoteli za watalii karibu na mbuga ya Tsavo, na kuna vituo vya mafuta, mikahawa, maduka na nyumba za kulala wageni za Maungu kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Nje ya hapo, familia nyingi hutegemea mifugo na mashamba yanayongoja mvua isiyo na uhakika. Aliyebahatika kupata kazi huing'ang'ania, hata pale anapotukanwa mbele ya wateja, anaponyimwa zamu kwa sababu ya kabila lake, au msimamizi anapomtaka kimapenzi ili mkataba wake uongezwe.

Wengi hunyamaza kwa kuamini kwamba mwenye kazi ndiye mwenye sheria. Imani hiyo si sahihi. Kenya haina sheria moja iliyotungwa mahususi dhidi ya uonevu kazini, lakini ulinzi upo, umetawanyika katika Katiba, Sheria ya Ajira, Sheria ya Usalama na Afya Kazini na sheria za jinai. Tatizo ni kwamba ulinzi huo una masharti na muda wake. Asiyeujua anaweza kuwa na haki kamili na bado akaikosa kwa kuchelewa au kwa kukosa ushahidi.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, inamhusu nani, na mkazi wa kaunti hii aanzie wapi anapodhulumiwa kazini.

Funzo lililotoka hapa nyumbani

Suala hili si geni Marungu. Mnamo Novemba 2023, shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi pamoja na Tume ya Kutetea Haki za Binadamu nchini, KHRC, walitoa ripoti kuhusu mradi wa kaboni wa Kasigau Corridor, unaoendeshwa na kampuni ya Wildlife Works, ambayo makao yake ya hapa Kenya yako Rukinga, karibu na Maungu. Mradi huo una sifa kote duniani, kwani mwaka wa 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake kutoa hati za kaboni za kuhifadhi misitu chini ya viwango vya kimataifa vya VCS. Pia umewapa kazi wakazi wengi wa eneo hili.

Ripoti hiyo ilidai kwamba kwa zaidi ya miaka 10, baadhi ya wanaume wenye vyeo katika kampuni walitumia nafasi zao kuwanyanyasa kingono wafanyakazi wa kike, na kwamba wanawake wa jamii jirani pia waliathirika. Kampuni ilisema iliajiri mawakili kuchunguza, na kwamba uchunguzi ulibaini mwenendo usiofaa na wenye madhara wa watu wawili. Ilikana kwamba tabia hiyo ilikuwa imeenea katika kampuni nzima.

Miezi michache kabla ya hapo, Februari 2023, runinga ya BBC ilikuwa imeonyesha uchunguzi wake kuhusu wanawake waliodai kutakiwa kingono na wasimamizi ili wapate kazi katika mashamba ya majani chai ya Kericho. Mazingira ya chai na mazingira ya ranchi ni tofauti, lakini hali inayozaa dhuluma ni ileile: waajiri ni wachache, wanaotafuta kazi ni wengi, na mtu mmoja ana uwezo wa kuamua nani aingie kazini, nani apandishwe cheo na nani arudi nyumbani.

Yapo mafunzo mawili kwa kila mwajiri na kila mfanyakazi wa kaunti hii. La kwanza ni kwamba kuwa na sera nzuri kwenye karatasi hakutoshi ikiwa mfanyakazi hana mahali salama pa kupeleka malalamiko. La pili ni kwamba dhuluma inayofichwa haimalizwi na muda. Inaweza kukaa miaka, kisha siku moja ikajulikana dunia nzima, na hasara ikawaangukia hata wale ambao hawakuhusika.

Uonevu kazini ni nini?

Si kila jambo linalomuudhi mfanyakazi ni dhuluma. Mwajiri ana haki ya kugawa kazi, kudai watu wafike kwa wakati, kukosoa kazi mbovu na kutoa barua ya onyo penye kosa. Msimamizi anayemwambia mlinzi kwamba alilala zamu, na akasema hivyo bila matusi, anatimiza wajibu wake.

Uonevu huanza pale mamlaka yanapotumika kumdhalilisha mtu, kumtisha au kumkomoa. Mifano yake inafahamika:

- Kutukanwa, kufokewa au kufanyiwa dhihaka mara kwa mara, hasa mbele ya wenzake au wateja.
- Kusemwa vibaya kwa sababu ya kabila, dini, ulemavu, ujauzito au hali ya kiafya.
- Kunyimwa zamu, likizo au vifaa vya kazi kwa makusudi baada ya kulalamika.
- Kukatwa mshahara kama adhabu.
- Kupigwa, kusukumwa au kutishiwa kupigwa.
- Kutakiwa kimapenzi, kushikwashikwa, au kutumiwa maneno na picha za ngono.
- Kutishiwa kila siku kwamba atafukuzwa, bila kosa lolote kutajwa.

Anayedhulumu si lazima awe mkubwa. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzake. Na anayedhulumiwa si lazima awe mwanamke. Wanaume pia hudhulumiwa, nao sheria inawalinda vilevile.

Sheria zinasema nini

*Katiba ya 2010.* Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana utu wa asili na ana haki utu huo uheshimiwe na kulindwa. Kifungu cha 29 kinakataza mtu kutendewa ukatili au kudhalilishwa. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kinamhakikishia mfanyakazi ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Haki hizi hazitolewi na mwajiri, kwa hivyo mwajiri hawezi kuziondoa, hata mfanyakazi akiwa ametia sahihi mkataba unaosema vinginevyo.

*Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5.* Sehemu hii inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na pia kumsumbua, kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, kabila au asili yake, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali yake kuhusu virusi vya Ukimwi. Ulinzi huu unamhusu hata anayetafuta kazi ambaye bado hajaajiriwa. Jambo kubwa katika sehemu hii ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri: mfanyakazi akidai amebaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba ubaguzi huo haukutokea.

*Sheria ya Ajira, sehemu ya 6.* Hapa ndipo unyanyasaji wa kingono kazini unapoelezwa. Mfanyakazi amenyanyaswa ikiwa mwajiri, mwakilishi wa mwajiri au mfanyakazi mwenzake anamtaka kingono kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio la kumharibia kazi. Pia amenyanyaswa akitamkiwa au kuandikiwa maneno ya ngono, akionyeshwa picha za ngono, au akifanyiwa vitendo vya mwili vya aina hiyo asivyovitaka na vinavyoathiri kazi yake.

Sehemu hiyohiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera lazima ieleze unyanyasaji ni nini, malalamiko yanapelekwaje, na hatua gani za nidhamu zitachukuliwa. Lazima pia iahidi kwamba jina la mlalamishi halitatolewa isipokuwa pale inapohitajika kwa uchunguzi au hatua za nidhamu. Mwajiri anapaswa kuwafahamisha wafanyakazi wote kuhusu sera hiyo. Mfanyakazi wa kambi ya watalii au ranchi yenye watu 20 ana haki ya kuuliza: sera yetu iko wapi?

*Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.* Mwajiri anawajibika kulinda usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi mahali pake. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya ambamo wafanyakazi wanawakilishwa. Sheria hii inakataza mfanyakazi kufukuzwa au kubaguliwa kwa sababu alilalamika kuhusu jambo analoona ni hatari.

*Sheria za jinai.* Kumpiga mfanyakazi ni kosa la jinai, hata kama aliyepiga ndiye anayelipa mshahara. Na chini ya sehemu ya 23 ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtu mwenye mamlaka anayemtaka mwingine kingono mara kwa mara, huku akijua au akipaswa kujua kwamba hatakiwi, anaweza kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 3, au kutozwa faini isiyopungua Sh100,000, au adhabu zote mbili.

Tofauti ya sheria hizi mbili ni muhimu. Sheria ya jinai inataka tabia iliyorudiwa, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo shaka. Sheria ya Ajira haidai kwamba jambo lirudiwe, na kiwango cha ushahidi si kikali hivyo. Kwa hivyo kesi ya polisi ikishindwa, haina maana kwamba mlango wa madai ya kazi umefungwa. Njia hizo mbili zinaweza kufuatwa kwa pamoja.

Kibarua na mfanyakazi wa nyumbani je?

Watu wengi hudhani sheria hizi ni za wenye barua ya ajira na beji shingoni. Sivyo. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo. Kibarua wa shambani, mlinzi wa usiku, mchungaji wa ranchi na msaidizi wa nyumbani wote ni waajiriwa mbele ya sheria. Kikomo cha watu 20 kinahusu wajibu wa kuandika sera tu. Haki ya kutonyanyaswa inamlinda hata aliye peke yake katika nyumba ya mwajiri.

Tena, kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayepewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kwa chini ya miezi 3, sehemu ya 37 ya Sheria ya Ajira inamhesabu kuwa na mkataba wa mwezi. Kwa hivyo mwajiri hawezi kumweka mtu miaka miwili kama kibarua, kisha siku anayolalamika amwambie asirudi kesho kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Kuhusu makato, sehemu ya 19 ina orodha ya yale ambayo mwajiri anaruhusiwa kukata, kama vile malipo yanayotakiwa kisheria, fedha zilizolipwa zaidi kwa makosa, au kiasi cha haki kwa uharibifu uliofanywa kwa makusudi. Jumla ya makato haipaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Kukata mshahara kwa hasira, au ili kumtia mtu adabu, hakumo katika orodha hiyo.

Kufukuzwa, na kulazimika kuacha kazi

Hofu kubwa ya anayedhulumiwa ni kwamba akisema, atafukuzwa. Sheria imeitazama hofu hiyo moja kwa moja. Sehemu ya 46 ya Sheria ya Ajira inasema kwamba kulalamika au kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi wala kumwadhibu, isipokuwa ithibitike kwamba malalamiko hayo yalitolewa bila msingi na bila uwajibikaji. Ujauzito si sababu halali. Uanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu halali.

Hata penye kosa la kweli, sehemu ya 41 inaweka utaratibu. Kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama katika kikao hicho, na wote wawili wasikilizwe. Kufukuzwa langoni kwa maneno mawili, bila kusikilizwa, ni kinyume cha utaratibu huo hata kama kosa lilikuwapo.

Mahakama ikiamua kwamba mtu alifukuzwa isivyo haki, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, pamoja na ilani, likizo na malipo mengine aliyostahili. Inaweza pia kuamuru arudishwe kazini. Na kila anayeondoka baada ya kufanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili cheti cha utumishi. Mwajiri hapaswi kukizuia kwa kinyongo.

Wako wasiofukuzwa, ila kazi hufanywa chungu mpaka waondoke wenyewe. Mhudumu anapangiwa zamu za usiku pekee, anahamishwa kila wiki, anatukanwa, mwisho anaandika barua ya kujiuzulu. Mahakama za Kenya zinatambua kwamba kujiuzulu kwa namna hiyo kunaweza kuwa sawa na kufukuzwa. Mwaka wa 2015, Mahakama ya Rufaa ilieleza misingi yake katika rufaa ya kampuni ya Coca Cola East & Central Africa: mwajiri awe amevunja mkataba kwa jambo zito, mfanyakazi awe ameondoka kwa sababu ya jambo hilo hasa, na asiwe amelikubali kwa kukaa kimya muda mrefu. Hapa mzigo wa kuthibitisha uko kwa mfanyakazi.

Kwa sababu hiyo, barua ya kujiuzulu ni hati nzito. Anayeandika kwamba anaondoka kwa sababu za kifamilia, huku ukweli ni kwamba amechoshwa na matusi, anajifungia mlango mwenyewe. Kabla ya kujiuzulu, ni vyema kulalamika kwa maandishi na kupata ushauri. Na ikilazimu kuondoka, barua itaje sababu halisi.

Hatua za kufuata

*Kwanza, andika.* Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni vivyo hivyo. Mfanyakazi aandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwapo. Ahifadhi ujumbe wa simu, barua za onyo, ratiba za zamu, hati za malipo na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha mshahara ulivyoingia. Nakala moja ikae nje ya mahali pa kazi. Anayetunza rekodi siku ileile huaminika kuliko anayekumbuka baada ya mwaka.

*Pili, peleka malalamiko ndani, kwa maandishi.* Ikiwa msimamizi ndiye mlalamikiwa, barua iende kwa aliye juu yake, kwa idara ya wafanyakazi au kwa mtu aliyetajwa katika sera. Mlalamishi abaki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa sahihi ya kupokelewa. Asiyeweza kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini, mradi maelezo yawe yake.

*Tatu, shirikisha chama.* Wafanyakazi wa hoteli, wa nyumbani, wa shule na wa hospitali wana chama cha KUDHEIHA. Wa mashamba wana chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo. Mwakilishi wa chama anaweza kuketi katika kikao cha nidhamu na kuongea na mwajiri kwa niaba ya mwanachama.

*Nne, nenda kwa afisa wa leba.* Viwango vya kazi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa chini ya Katiba, kwa hivyo malalamiko haya hupokelewa na maafisa wa leba wa Wizara ya Kazi, si na ofisi ya wadi. Aliyefukuzwa anatakiwa kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu siku aliyofukuzwa. Afisa husikiliza pande zote mbili na kupendekeza suluhisho.

*Tano, mahakama.* Si lazima kila kesi ya kazi ipelekwe Mombasa. Tangu tangazo la Jaji Mkuu katika gazeti rasmi la serikali mnamo Juni 2018, mahakimu wa ngazi iliyotajwa wana uwezo wa kusikiliza kesi za kazi za watu ambao mshahara wao wa mwezi kwa jumla hauzidi Sh80,000. Hii inawahusu wafanyakazi wengi wa kaunti hii, ambao wanaweza kuulizia katika mahakama za Voi, Wundanyi au Taveta. Kesi za mishahara mikubwa zaidi huenda kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

*Kikomo cha muda.* Kesi ya mkataba wa kazi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3. Ikiwa ni dhuluma iliyoendelea kwa mfululizo, muda ni miezi 12 tangu ilipokoma. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo. Wengi wamepoteza haki zao wakingoja ahadi ya kulipwa mwezi ujao.

Ikiwa ni unyanyasaji wa kingono au kipigo

Hapa mambo hayangoji barua. Aliyebakwa au kushambuliwa kingono afike hospitalini haraka, na isizidi saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa mapema. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi ni mojawapo ya mahali pa kwenda. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari, na nguo hizo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi.

Ripoti ipelekwe kituo cha polisi na mlalamishi apewe nambari ya OB. Fomu ya P3 hutolewa bila malipo. Anaweza kuomba kuhudumiwa katika dawati la jinsia. Simu ya 1195 hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia bila malipo, usiku na mchana, na simu ya 116 ni ya masuala ya watoto.

Matibabu yasicheleweshwe kwa kungoja polisi, wala ripoti isiachwe kwa sababu wazee wamependekeza mambo yamalizwe nyumbani. Kosa la kingono halifutwi kwa mbuzi wala kwa kuombana radhi barazani.

Wajibu wa waajiri

Mwajiri mwema hanufaiki na ukimya. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aandike sera na kuisoma mbele ya wafanyakazi kwa lugha wanayoielewa, iwe Kiswahili au Kitaita, kisha aibandike mahali inapoonekana. Ateue watu wasiopungua wawili wa kupokea malalamiko, na angalau mmoja awe mwanamke, ili mlalamishi asilazimike kumpelekea malalamiko mtu anayemlalamikia. Maamuzi ya kuajiri, kuongeza mkataba na kupandisha cheo yasiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Waliofika na malalamiko wafuatiliwe miezi kadhaa baadaye, kuona kama zamu zao au mishahara yao imebadilika.

Anayelalamikiwa naye ana haki. Asihukumiwe kwa uvumi. Aelezwe anachodaiwa kufanya, asikilizwe, na uamuzi ufanywe kwa ushahidi. Utaratibu wa haki unamlinda mlalamishi, unamlinda mlalamikiwa, na unaikinga kampuni isije ikashindwa mahakamani kwa kuruka hatua.

Wafanyakazi wa serikali ya kaunti wako chini ya sheria hizohizo. Asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mujibu wa sehemu ya 77 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Sina barua ya ajira. Nitathibitishaje kwamba niliajiriwa?* Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri. Malipo ya M-Pesa, sare, kitabu cha mahudhurio, picha kazini na maelezo ya wenzako vyote vinaweza kuonyesha uhusiano wa kazi.

*Anayenisumbua ni mfanyakazi mwenzangu, si bosi. Je, mwajiri anahusika?* Ndiyo. Sehemu ya 6 inamtaja mfanyakazi mwenza waziwazi. Mwajiri aliyejulishwa na asichukue hatua anaweza kuwajibishwa.

*Nilitia sahihi karatasi kwamba sidai chochote. Je, nimekwisha?* Hati kama hiyo inaweza kukufunga ikiwa uliielewa na kuitia sahihi kwa hiari. Ikiwa ulilazimishwa, ulidanganywa au hukuielewa, mahakama inaweza kuikataa. Usitie sahihi usichokielewa. Omba muda wa kukisoma na mtu mwingine.

*Sina pesa za wakili.* Malalamiko kwa afisa wa leba hayahitaji wakili, na mtu anaweza kujiwakilisha mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasiojiweza, na shirika la FIDA-Kenya huwasaidia wanawake.

*Nilishuhudia mwenzangu akidhulumiwa. Nifanye nini?* Andika ulichokiona, pamoja na tarehe, na umwambie mwenzako kwamba uko tayari kusema. Mara nyingi kesi hushinda au kuanguka kwa shahidi mmoja aliyekubali kusimama.

Ya kukumbuka

Miezi 3 kwenda kwa afisa wa leba ukifukuzwa. Miaka 3 kwenda mahakamani. Miezi 12 kwa dhuluma iliyoendelea, tangu ilipokoma. Saa 72 kufika hospitalini baada ya shambulio la kingono. Wafanyakazi 20 ndicho kikomo cha sera ya lazima. Sh80,000 ndicho kikomo cha mshahara kwa kesi ya kazi mbele ya hakimu. Simu 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto.

Wakazi wanaweza kukata ukurasa huu na kuubandika mahali pa kazi, katika ofisi ya chifu au ukutani nyumbani, ili mwingine anayeuhitaji ausome.